Msisubiri Redio

Oktoba 28
Mvua ya kwanza ya msimu imenyesha Kasulu leo mchana. Ilianza na mawe, ikaendelea na upepo, umeme ukakatika nikiwa katikati ya taarifa ya habari. Bwana Mansuri alipanda kutoka dukani kwake hapo chini, futi ya kupimia vitambaa ikining'inia shingoni, akasimama mlangoni mwa studio.

"Matangazo ya biashara yameshapita?"

"Yamepita. Kilichokatika ni habari."

"Basi afadhali," akasema, akashuka.

Huyo ndiye mwenye redio. Aliifungua juu ya duka lake baada ya watu kumwambia kwamba Kasulu imekuwa mji. Mimi nasoma habari na kuendesha kipindi cha asubuhi. Shamsi ni fundi mitambo, na jioni anaendesha kipindi cha vijana. Tuko watatu, tukimhesabu bosi.

Novemba 4
Mvua. Watu wanapanda maharage. Hakuna habari.

Novemba 5
Mvua. Lori limezama kwenye tope barabara ya Kibondo. Hiyo ndiyo habari.

Novemba 16
Dada yangu Ininahazwe amekuja na magunia yake ya dagaa. Huja kila mbalamwezi inapotanda, kwa kuwa wakati huo wavuvi hawaingii ziwani. Anaishi Nyarubanga, mwalo mdogo wa wavuvi chini ya milima, upande wa pili wa Buhigwe. Unashuka kwa bodaboda mpaka pikipiki inakataa, halafu unashuka kwa miguu. Sisi tulizaliwa huku juu, katika familia iliyotoka Burundi tangu enzi za babu, na hakuna kati yetu aliyejua kuogelea. Dada ndiye aliyeolewa ziwani. Mumewe, Reverien, ana mtumbwi wenye mashine.

Amelala kwangu. Nyumba nzima inanuka dagaa. Ameniambia kule kwao wanatupata vizuri kuliko redio yoyote, kwa sababu mnara wetu uko mlimani na wao wako bondeni.

"Reverien anakusikiliza kila asubuhi," akasema. "Anasema una sauti ya mtu asiye na njaa."

Sikujua kama ni sifa.

Novemba 30
Mvua. Kikohozi. Shamsi amenisomea habari za jioni, akazisoma kama anatangaza mpira.

Desemba 3
Leo alasiri ardhi ilitikisika. Haikuwa kubwa. Vikombe viligongana kabatini, mbwa wa jirani akabweka, ikaisha. Huku kwetu jambo hilo si geni. Bonde la ufa liko hapo chini na ziwa limelala ndani yake. Nilitoka nje, nikasimama na majirani, tukacheka kidogo, nikarudi ndani.

Jioni niliwasha redio kusikiliza kipindi cha Shamsi. Alikuwa amepata sauti iliyosambazwa kwenye simu. Mwanamume mwenye lafudhi ya Kikongo alikuwa anasema kwamba wataalamu wa ng'ambo wamepima, na kwamba Ziwa Tanganyika litapanda leo leo, kabla watu hawajalala, na kufagia vijiji vyote vya pwani. Shamsi aliicheza yote hewani. Kisha akaongeza la kwake: "Wanangu wa ziwani, msizubae, tsunami haina hodi! Sambaza kwa umpendaye!" Akaweka muziki.

Nilimpigia simu. Hakupokea. Nikampigia Bwana Mansuri. Sijui alipandaje ngazi, lakini muziki ulikatika katikati na redio ikanyamaza kabisa.

Desemba 5
Habari za Nyarubanga zimefika kwa mtu aliyepanda na samaki wa migebuka. Watu walikimbia kijiji kizima, na mvua ikinyesha, wakapanda mlima gizani. Bibi mmoja aliteleza akavunjika nyonga. Walikaa juu mpaka kukapambazuka, wamelowa, watoto wanatetemeka. Ziwa halikufanya chochote. Waliporudi walikuta chanja za kuanikia zimepekuliwa na dagaa wa wanawake wameibwa. Magunia yote ya dada yangu yamekwenda.

Niliandika habari hiyo ili niisome. Bwana Mansuri aliniomba karatasi, akaisoma akiwa amesimama, akaikunja akaitia mfukoni.

"Hatusomi."

"Ni kweli iliyotokea, bosi. Na sisi ndio tuliosababisha."

"Ndiyo maana hatusomi. Hutamki tetemeko, hutamki ziwa, hutamki lile neno la Kijapani. Soma bei ya mahindi."

Shamsi amesimamishwa kazi kwa muda. Nimesoma bei ya mahindi. Nilifikiri: huyu bwana anaogopa wakaguzi wasije wakaifunga redio yake, basi. Ni mfanyabiashara.

Desemba 19
Dada hakuja mbalamwezi hii. Hana cha kuuza. Nilimpigia.

"Mmetudanganya," akasema.

"Si mimi, dada."

"Redio ni moja. Sisi hatujui nani amekaa wapi humo ndani." Nilisikia mawimbi madogo nyuma ya sauti yake. "Sasa niambie wewe, mwene mama, ndugu yangu. Wewe umesoma. Ni uongo wote, au kuna ukweli ndani yake? Kwa maana Reverien anasema ni uongo mtupu, ziwa si bahari. Na mama mkwe wangu anasema bibi yake aliwahi kuona maji yakirudi nyuma mpaka mawe ya chini yakaonekana. Nimwamini nani?"

Nikamwambia sijui. Kwa msomaji wa habari, hilo ni jibu la ajabu.

Desemba 26
Duka na redio vimefungwa. Bwana Mansuri hafungui tarehe hii kila mwaka. Nilidhani ni heshima kwa Wakristo, siku ya pili ya Noeli, ingawa yeye ni Mwislamu. Sikuwahi kumuuliza.

Januari 7
Nimempata mhadhiri mmoja wa miamba, mwanamke anayeitwa Dakta Nasma. Namba yake nilipewa na mwalimu wa jiografia wa hapa mjini. Nilimpigia kwa simu yangu mwenyewe, nikamuuliza swali la dada kama lilivyo.

Alinijibu bila haraka. Alisema ziwa letu ni refu, lina kina kikubwa kuliko watu wanavyodhani, na kuta zake ni milima. Tetemeko kubwa chini ya maji, au kipande cha mlima kikiporomokea majini, kinaweza kusukuma wimbi kama la baharini, ila dogo zaidi na la karibu zaidi. Hutokea kwa nadra sana. Matetemeko mengi hayaleti wimbi lolote.

"Na lile tangazo la Desemba?"

"Mtu akikutajia saa ya wimbi kabla tetemeko halijatokea, ni mwongo. Hakuna anayejua."

"Basi watu watajuaje?"

"Ardhi yenyewe ndiyo itakayowaambia. Ukiwa ufukweni na ardhi ikatikisika sana mpaka kusimama kunakuwa kazi, au ikatikisika kwa muda mrefu hata kama si kwa nguvu, panda juu. Ukiona maji yanakimbia kurudi ndani, ukasikia mngurumo kama lori linakuja kutoka majini, panda juu. Kwa miguu. Usibebe kitu. Na ukishafika juu, kaa. Maji huja zaidi ya mara moja, na mara nyingi wimbi la kwanza si kubwa kuliko mengine."

"Tuwaambie wasubiri tangazo la redio?"

"Baharini kuna vituo vya kupima na kuna muda, wimbi linaweza kuvuka bahari kwa saa kadhaa, na tahadhari ikawahi kufika. Kwenye ziwa lenu ni dakika chache. Wakisubiri redio, watakufa wakiwa wamesubiri redio."

Januari 9
Nimempelekea Bwana Mansuri nilichoandika. Alikuwa anakata kitambaa cha sare za shule. Alisoma mpaka alipofika kwenye maneno niliyokuwa nimeyaweka kama kichwa cha kipindi: Msisubiri redio.

"Umeona redio gani inawaambia watu wasiisubiri?"

"Hii."

"Wataniuliza mjini, Mansuri umefungua redio ya nini."

"Wakuulize."

Alikata kitambaa mpaka mwisho, akakikunja vizuri. "Nilikukataza mambo ya ziwa."

"Ulinikataza, bosi. Lakini dada yangu anaishi pale, na sasa hivi ardhi ikitikisika hakuna atakayekimbia hata mmoja, kwa sababu walishakimbia bure. Tumewafanya wawe katika hatari kuliko kabla hatujawaambia chochote."

Aliniambia niende nikasome bei ya mahindi. Nimekwenda nikasoma.

Januari 12
Leo ndipo nimemjua mtu ninayemfanyia kazi tangu mwaka juzi.

Baada ya swala ya adhuhuri alipanda studio, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha mgeni ambacho hajawahi kukikalia. Alisema, "Washa kinasa sauti. Nikisema zima, uzime."

Nikawasha. Alizungumza akiangalia ukuta. Ninaandika kama nilivyosikia.

Mwaka 2004 alikuwa kijana, amekwenda Dar es Salaam kwa ndugu za mama yake. Asili yao ni Waswahili wa huko pwani. Baba ndiye aliyeletwa Kasulu na biashara. Ilikuwa Jumapili, Desemba 26, sikukuu, na ufukwe ulijaa watu. Alikuwa na binti wa mama yake mdogo, anaitwa Zuhra, wa umri wa kuanza sekondari. Bahari ikaanza kuondoka. Si kama inavyokupwa kila siku, kidogo kidogo. Iliondoka kama inaitwa. Mchanga ukabaki mtupu na samaki wanarukaruka. Watu wakashangilia. Watoto wakakimbilia kule kuokota, Zuhra naye, sketi yake ameikunja kama kapu.

"Tetemeko sisi hatukulisikia," akasema. "Lilikuwa mbali, upande wa pili wa bahari. Hakuna aliyetutikisa. Maji tu ndiyo yalikuwa yanasema, na hakuna aliyejua lugha hiyo. Si mimi, si wazee, si wauza mihogo. Tulisimama tunatazama kama watu wanaotazama ngoma."

Maji yaliporudi hayakurudi kama ukuta, kama watu wanavyodhani. Yalirudi kama mto, yakipanda, yakivuta miguu. Wengi walitoka. Zuhra alipatikana kesho yake.

"Watu wa Sumatra walikufa kwa malaki. Kwetu walikufa wachache, kwa hiyo habari zetu hazikukaa sana redioni. Wiki moja, mbili. Baadaye nikaja kusikia watu wanaitania. Timu ikifungwa mabao mengi, wanasema tsunami. Shamsi alipolisema lile neno na kuweka muziki... Zima."

Nikazima. Akasema, "Kipindi chako kiwe Jumamosi asubuhi, wanawake wanapoanika dagaa. Maneno yangu yaweke. Kile kichwa cha habari kiache kama kilivyo."

Nilitaka kusema pole. Ilikuwa imechelewa kwa miaka ishirini, na alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Januari 18
Kipindi kimekwenda hewani. Nimefungua kwa kukiri kwamba tangazo la Desemba lilikuwa uongo na kwamba lilitoka kwetu. Kisha Dakta Nasma, kisha Bwana Mansuri. Simu hazikuita. Nimesoma bei ya mahindi.

Januari 20
Dada amepiga. "Tumesikia. Yule mzee wa vitambaa alinitoa machozi." Halafu akasema, "Reverien anasema na hii mpya ni ya kuuza redio."

Januari 25
Mvua mfululizo. Kipindi tumekirudia. Tutakirudia kila Jumamosi.

Februari 2
Shamsi amerudi kazini. Wakati wote huo sikumpigia hata mara moja. Nilikuwa nimeshamweka kwenye kundi la watu wasiofikiri. Leo nimesikia alikokuwa. Alikwenda Nyarubanga mwenyewe, akaomba kikao, akasimama mbele ya watu akasema, "Mimi ndiye niliyewakimbiza." Vijana wakataka kumpiga. Yule bibi aliyevunjika nyonga ndiye aliyewazuia, akasema aachwe alipe kwa kazi. Akakaa siku kadhaa akibeba kuni na kuchota maji kwa ajili yake.

"Dada Kezia, kule kuna ishu," akaniambia. "Hiyo juu mnayowaambia wapande, njia yake imezibwa. Kuna jamaa anaitwa Hatungimana, amelima muhogo mlima mzima na kuzungushia miba. Usiku ule walizunguka mbali, ndiyo maana yule bibi aliteleza."

Hilo halikuwa kwenye kipindi changu. Nilikuwa nimewaambia watu wapande bila kujua wanapandia wapi.

Februari 15
Nimekwenda Nyarubanga na Shamsi. Kushuka ni rahisi. Magoti yaligundua baadaye. Mwalo wenyewe ni mwembamba: mchanga, chanja za dagaa, nyumba, halafu mlima palepale, umesimama. Dada alinipeleka kwa Hatungimana. Ni mtu mrefu, mpole, na mbishi.

"Mbuzi watakula muhogo wangu," akasema. "Tetemeko litakuja lini? Mbuzi wanakuja kila siku."

"Tunaomba uwazi mmoja tu, mzee," dada akamwambia. "Upana wa mtu mwenye mtoto mgongoni."

"Oya, hapana. Nikifungua kwa tetemeko, watapita kwa kuni."

Wanawake waliokuwa wamekuja nasi walikaa chini, palepale nje ya uzio wake. Hawakuwa wamepanga, mmoja alichoka akakaa, wengine wakakaa. Hatungimana alitutazama. Aliingia ndani, akatoka, akatukuta. Mwishowe akasema sawa, lakini mlango wa miti, na ufungwe kila siku. Reverien ndiye aliyeutengeneza, kwa sababu ni fundi kuliko wote. Alifanya kazi akitucheka.

"Shemeji, nimekutengenezea mlango wa kukimbilia maji ambayo hayapo."

"Ahsante, shemeji."

"Nimezaliwa hapa," akasema, akigonga msumari. "Hili ziwa mimi nalijua kama mke wangu."

"Mke wako ndiye aliyeuomba huo mlango," dada akamwambia. Tulicheka wote, na yeye alicheka kuliko sisi.

Machi 1
Mvua.

Machi 8
Mvua. Kipindi. Mtu mmoja wa Kumsenga ametuma ujumbe kuuliza kwa nini tunawasumbua watu wa milimani na mambo ya maji. Bwana Mansuri alisema nimjibu kwamba hata watu wa milimani wana ndugu.

Machi 22
Dada amekuja na magunia, ya kwanza tangu Desemba. Wanawake wa mwaloni wameupanda mlima pamoja mara mbili, kwa kujaribu, na watoto. Mara ya kwanza walicheka njia nzima. Mara ya pili waligombana nani ambebe yule bibi. Wameafikiana.

Aprili 10
Tetemeko. Kubwa. Nilikuwa hewani.

Kipaza sauti kiliruka mezani. Nilisikia chini dukani majora ya vitambaa yakianguka moja baada ya jingine. Tetemeko halikwisha. Ninajua watu husema hivyo kila mara, lakini ilifika mahali nikawa na muda wa kufikiri: bado. Shamsi alikuwa ameshika fremu ya mlango. Nilifungua kinywa na maneno yaliyotoka ni yale tuliyokuwa tumeyarudia kila Jumamosi: "Walio ziwani, pandeni. Msinisubiri mimi. Pandeni." Kisha umeme ukakatika, na sijui kama nilisikika.

Kasulu nyumba za udongo zimepasuka, ukuta wa shule umeanguka, hakuna aliyekufa. Bwana Mansuri alikuwa amekaa kwenye ngazi, vumbi kichwani. "Piga simu Nyarubanga," akasema. Nilikuwa ninapiga. Mtandao haukuwepo.

Alikaa nami mpaka jua likazama. Alishika futi yake, akawa anaikunja na kuikunjua.

Aprili 11
Hakuna mtandao. Barabara ya Buhigwe imefungwa na maporomoko. Shamsi ameondoka alfajiri kwa pikipiki, atakapokwama ataendelea kwa miguu.

Nimesoma habari kwa kutumia jenereta. Nimesoma vizuri. Nadhani ndiyo sauti ya mtu asiye na njaa.

Aprili 12
Shamsi amepata mtandao akiwa njiani kurudi. Alisema kwanza, "Dada yako yuko hai." Alianza na hilo bila kuulizwa, na nitamshukuru kwa hilo siku zote. Watoto wake wako hai. Wanawake wote wa mwaloni wako hai, na yule bibi.

Halafu akasema, "Reverien hapana."

Aprili 14
Nimefika Nyarubanga. Reverien alizikwa jana, jirani na uzio wa muhogo.

Chanja hazipo. Mitumbwi mitatu imekaa katikati ya nyumba, mmoja umeingia mlangoni kama mgeni. Alama ya maji kwenye kuta ni juu ya kichwa changu. Kipande cha mlima upande wa kusini kimeng'oka na kuingia ziwani. Kidonda chake chekundu kinaonekana kutoka kila mahali. Lakini walichonieleza ni kwamba hawakungoja kuona hayo. Ardhi ilipotikisika mpaka watu wakaanguka, wanawake waliacha dagaa palepale wakapanda. Mlango wa miti ulikuwa umefungwa kwa kamba, na Hatungimana ndiye aliyeukata kwa panga, kisha akasimama kando akiwavuta watu mkono mmoja mmoja.

Watu walikuja kunishika mikono. Walinishukuru. Wazee walinipa pole na ahsante kwa pamoja, na sikujua nipokee ipi kwanza. Dada hakuja. Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba ya mama mkwe wake, amejifunga kanga kichwani. Nilikaa karibu naye.

Mama mkwe ndiye aliyenieleza. Reverien alipanda nao. Alimbeba yule bibi mgongoni, mlima wote. Wimbi la kwanza likaja, likafika kwenye chanja, likarudi. Halikuwa kubwa. Ziwa likatulia. Akaona mtumbwi wake umekaa mchangani na mashine iko juu yake. Akasema, "Naitoa tu mashine, narudi." Dada alimshika shati. Watu wakamwambia, redio imesema tukae. Akasema yeye amezaliwa pale. Akashuka na kijana mmoja rafiki yake. Walikuwa wanafungua mashine wakati maji yalipokuja tena.

Juu, watu wote walikuwa wanatazama.

Aprili 17
Bado niko Nyarubanga. Dada anakula kidogo. Leo amesema neno moja, alipoulizwa kama anataka maji: "Ego." Ndiyo, kwa Kiha.

Kila jioni namtazama anavyolitazama ziwa. Halitazami kwa hasira.

Aprili 21
Nimerudi Kasulu. Bwana Mansuri alinipokea stendi mwenyewe, kwa miguu, kwenye matope. Alisema, "Mungu amrehemu shemeji yako." Halafu tukiwa njiani akasema, "Alimbeba bibi kwanza." Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi usiruhusu mtu amseme kuwa alikuwa mjinga." Kabla ya Januari ningesema bwana huyu anajua bei ya vitambaa tu.

Aprili 26
Jumamosi. Niliamka kukirudia kipindi kama kawaida. Nilipofika studio nilimkuta dada amekaa kwenye ngazi za duka, na kibegi kidogo. Alikuwa amesafiri tangu jana.

"Leo msicheze kile," akasema. "Nitasema mimi."

"Dada, si lazima."

"Yule daktari hajaona. Huyu mzee aliona bahari. Mimi nimeona letu."

Nilimtazama Bwana Mansuri. Alikwenda kumletea kiti, kile cha mgeni, akakifuta kwa mkono. Akamwambia Shamsi aondoe matangazo yote ya biashara ya saa nzima.

Dada alizungumza Kiswahili, na pale kilipomwishia akaendelea kwa Kiha, na hakuna aliyemkatisha. Alieleza jinsi dagaa walivyobaki mchangani, jinsi mlango ulivyokatwa, jinsi mumewe alivyombeba bibi. Alieleza shati. "Nililishika hapa," akasema, akigusa bega lake mwenyewe, ingawa redio haina picha. "Maji yalikuwa yametulia kabisa. Kama sahani. Ndiyo yaliyomwita. Kama yangekuwa na kelele asingeshuka." Hakulia. Mimi nilikuwa nimeangalia mitambo, kwa sababu kulikuwa na taa za kuangalia.

Alipomaliza, simu iliita. Shamsi akaiweka hewani. Alikuwa mwanamume, mwenye sauti ya umri, akasema anapiga kutoka mwalo mwingine kusini, na kwamba nyumbani kwake wote wamekaa wanasikiliza.

"Pole sana, mama," akasema. "Nina swali moja, kama hutachukia."

"Uliza, baba."

"Nyinyi mliobaki juu. Mlikaa mpaka lini?"

Dada alifikiri. Nilimwona akilirudia lile jua, ule mlima, zile saa.

"Watoto walianza kulia njaa," akasema. "Tukawaona watu wetu wawili wanaelea, na tukatamani kushuka kuwachukua. Wengine waliniambia, mama, huyo ni mume wako, nenda. Kukaingia baridi, mvua ikaanza. Tukakaa."

Dada alikisogelea kipaza sauti, akidhani yule bwana hakusikia.

"Tukakaa, baba."